MASHINE HAIMZUII NAHODHA
Mambo ya kujua kabla ya kuingia baharini kwa boti kwa mara ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

KWA karne nyingi watu wa Unguja walivuka bahari kwa tanga. Tanga lilikuwa na sheria zake. Upepo ukizidi, ngalawa hubaki juu ya mchanga. Upepo ukikosekana, chombo hungoja. Nahodha aliyengoja hakuitwa mwoga, wala abiria hakuona kuwa amedhulumiwa siku yake, kwa maana kila mtu alijua kwamba mwenye amri ni upepo.

Siku hizi mbele ya Forodhani, Shangani na Malindi zimejaa boti za faiba zenye mashine ya petroli nyuma. Kijana huvuta kamba mara moja, mashine ikaitika, na boti ikaondoka, upepo utake usitake. Safari ya Changuu, ambayo kwa tanga ilihitaji subira, leo ni ya nusu saa au chini ya hapo. Hiyo ndiyo neema ya mashine, na papo hapo ndiyo hatari yake. Tanga lilimzuia mtu asiondoke siku mbaya. Mashine haimzuii. Kazi ya kuzuia imerudi mikononi mwa binadamu wenyewe: nahodha aliyeshika usukani na abiria aliyelipa nauli.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya makundi mawili. La kwanza ni familia ya mjini ambayo siku ya Idi au Jumapili huamua kwenda Changuu, Bawe au fungu la Pange, na pengine hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga boti ndogo. La pili ni kijana aliyepata kazi ya boti, ambaye kwa mara ya kwanza anashika mashine akiwa na roho za watu nyuma yake. Mambo wanayopaswa kuyajua ni mamoja, na mengi yake huamuliwa pwani kabla mashine haijawashwa.

MAFUNZO YA MISIBA MIWILI

Hakuna mtu mzima wa Zanzibar asiyeukumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu na mizigo kupita kiasi chake. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Hesabu ya waliokuwamo ilizua mabishano makubwa, kwa kuwa abiria wengi walipanda bila majina yao kuandikwa popote.

Hata mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai, 2012, ikazama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Chombo hicho kilijengwa mwaka 1989 na kwa miaka mingi kilibeba abiria katika maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington, huko Marekani. Kilikuja kukutana na mawimbi ya Julai ya mlango wa Zanzibar, kusi likiwa limepamba moto.

Hizo zilikuwa meli, nasi tunazungumzia boti ndogo. Lakini sababu hazibagui ukubwa wa chombo. Msiba wa kwanza watufundisha juu ya kupakia kupita kiasi na kuondoka bila orodha. Wa pili watufundisha kwamba chombo kizuri mahali pamoja chaweza kuwa kaburi mahali pengine, na kwamba majira ya mwaka si jambo la kupuuzwa.

KUSI, KASKAZI NA SAA ZA SIKU

Mtu anayepanga safari aanze na majira. Kusi huanza kuvuma baada ya masika kuanza, na hupata nguvu kubwa miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, na siku nyingine huja na nguvu. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, wakati bahari inapotulia na kuwa shwari. Kwa familia inayotaka kuonja bahari kwa mara ya kwanza, wakati wa shwari ndio mwalimu mpole.

Baada ya majira huja saa za siku. Mara nyingi asubuhi bahari hulala, na kadiri jua linavyopanda ndivyo upepo unavyoamka. Huu ni mtego kwa mgeni. Huondoka saa tatu asubuhi maji yakiwa kama kioo, akacheza kisiwani, kisha alasiri akarudi katika bahari nyingine kabisa, watoto wakiwa wamechoka na mafuta yakiwa yamepungua. Kwa hiyo swali la kuuliza si bahari ikoje sasa, bali itakuwaje saa ya kurudi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari za baharini. Likisikika redioni tangazo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita mbili, mwenye boti ndogo asianze kubishana nalo. Na kabla ya kulipa nauli, tupa jicho pwani. Ukiona wavuvi wamepandisha ngalawa zao juu na wanashona nyavu, waulize kwa nini hawakwenda. Jibu lao ni bure, nalo limegharimu maisha ya watu wengi kupatikana.

MAJI KUPWA NA KUJAA

Unguja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kila safari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua, na tofauti kati ya maji makavu na maji makuu yaweza kufikia mita zipatazo nne. Mwezi unapokuwa nusu huwa maji mafu, na tofauti hupungua sana.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kupanda kote katika mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, na ya sita moja. Sasa fanya hesabu. Ikiwa bamvua ni la mita nne, basi katika saa ya tatu peke yake maji hupanda mita moja nzima, kimo cha kifua cha mtoto wa shule. Familia imetandika mkeka juu ya fungu la Pange, inakula mihogo na pweza, na saa mbili za mwanzo maji yamesogea polepole bila kumtisha mtu. Saa ya tatu mchanga huliwa mbele ya macho yao. Boti iwe karibu na nahodha awe macho, kwa maana fungu hilo hufunikwa.

Kwa upande wa mashariki, kama Paje, Jambiani na Pwani Mchangani, hatari ni kinyume chake. Maji yakipwa, uwanda wa ndani ya mwamba hukauka au kubaki haba, na boti iliyochelewa hukwama nje ya mlango. Jua saa za maji kabla ya kuondoka, na panga kurudi kabla hayajakimbia.

Tena kumbuka mkondo. Upepo na mkondo vikienda pamoja, mawimbi hulala. Vikikabiliana, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Boti ndogo huumizwa zaidi na wimbi fupi lililo wima kuliko kubwa lililolala.

ULIZA BILA HAYA

Wengi wetu tuna haya ya kumuuliza nahodha. Twaona kuuliza ni kumvunjia heshima, au ni kuonyesha ushamba mbele ya wenzetu. Haya hiyo haimfai mtu. Kabla ya kupanda, mkubwa wa familia aulize mambo haya, kwa adabu lakini bila kusitasita.

Je, boti imesajiliwa na kukaguliwa? Zanzibar kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Je, boti hii huchukua watu wangapi, nasi tuko wangapi? Mtoto naye ni mtu, huhesabiwa. Je, jaketi za kuokolea maisha zipo kwa kila mmoja, na za watoto zipo? Je, kuna nanga na kamba, kasia, kopo la kufulia maji, tochi na simu au redio? Je, mafuta yanatosha?

Juu ya mafuta kuna kanuni rahisi ya theluthi: theluthi moja ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya akiba isiyoguswa. Mwenye lita 30 ahesabu kwamba ana lita 20 tu za safari. Akiba ni kwa ajili ya upepo wa alasiri, maana mashine inayopambana na mawimbi hunywa zaidi kuliko ile inayoteleza juu ya maji matulivu.

Jaketi lililowekwa chini ya kiti halimwokoi mtu. Livaliwe pwani, lifungwe vishikizo vyote, juu ya nguo zote. Akina mama waliovaa buibui wavae jaketi juu yake, si ndani, na mitandio mirefu ifungwe ili isinase. Kumjaribu mtoto, shika jaketi lake mabegani ulivute juu: likipanda hadi masikioni, hilo ni kubwa kwake, nalo litamvuka majini. Lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ndilo bora kwa wadogo.

Na asijitape mtu kuwa ajua kuogelea. Kuogelea ni elimu njema, na inafaa kupongeza juhudi kama za Mradi wa Panje wa Nungwi, uliofundisha wasichana na wanawake kuogelea katika mavazi yenye kuwasitiri. Lakini hata bingwa, akigongwa kichwa na ukingo wa boti, huanguka majini kama gogo. Jaketi humshikilia asiyejiweza.

KUKAA NDANI YA BOTI

Boti ndogo ni mizani. Watu wagawanywe kushoto na kulia, mbele na nyuma, na mizigo mizito iwekwe chini, katikati. Mtu asisimame boti ikienda, wala asikae juu ya omo akining'iniza miguu. Akianguka kutoka mbele, boti humpanda, na rafadha, ambayo vijana huiita pangaboi, hupita pale alipo.

Akitokea pomboo upande mmoja, abiria wasikimbilie wote upande huo. Kizimkazi, ambako watu wengi huenda kuwatazama, jambo hili ni la kuambiwa mapema kabla ya furaha kupoteza akili.

Maji yaliyoingia ndani nayo ni abiria. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo kumi za lita 20 ni kilo 200, sawa na watu wazima watatu wasiotulia, wanaokimbilia kila upande unaoinama. Ndiyo maana maji ya ngama hufuliwa mapema, yangali kidogo.

KWA ALIYESHIKA USUKANI

Kijana uliyepata kazi hii, jambo la kwanza ni kamba fupi ya kuzimia mashine. Ncha moja hukaa kwenye swichi, ya pili hufungwa mguuni au kiunoni mwa mwendeshaji. Akianguka, kamba huchomoka na mashine huzima. Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu huzunguka duara na kumrudia mwenyewe na wenzake majini. Wengi huiacha ining'inie kwa sababu inawasumbua. Na isumbue.

La pili ni mwendo. Boti iendayo noti 20 hukata mita kumi kila sekunde. Kichwa cha mwogeleaji ukikiona umbali wa mita 50, una sekunde tano tu. Kwa hiyo karibu na ufuko, karibu na vyombo vilivyotia nanga na popote penye waogeleaji, punguza mwendo hadi boti ilale majini. Watu wakipanda au kushuka, mashine izimwe kabisa. Kuiweka huru pekee hakutoshi.

La tatu ni mawimbi. Usilipige wimbi kubwa kwa uso wa omo kwa mwendo wa kasi, wala usilipe ubavu. Punguza mashine, lipokee kwa pembe kidogo, kisha ongeza taratibu. Fanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya meli za abiria zinazoingia na kutoka bandari ya Malindi, na usikate njia mbele yake. Meli haina breki, na kutoka juu boti ndogo haionekani kirahisi.

La nne ni rangi ya maji. Buluu iliyokolea ni kina. Kijani cheupe ni haba juu ya mchanga. Kahawia ni mwamba au mwani. Macho husoma vizuri jua likiwa juu au nyuma yako. Mwenye kutoka Mji Mkongwe asubuhi kwenda Bawe ana jua mgongoni, na akirudi alasiri pia li mgongoni. Lakini anayechelewa kuondoka mpaka jioni huliweka jua machoni, na mwamba hauoni tena.

La tano ni kupishana. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zahusu hata boti yako. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja ageuze kulia. Mkikatana njia, mwenye kumwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye apishe. Anayempita mwenzake ajiepushe yeye. Na chombo cha mashine humpisha mwenye tanga na mvuvi mwenye nyavu. Mwenye ngalawa hana breki wala mashine. Kumkata mbele si ustadi, ni ukorofi. Usiku ngalawa nyingi hazina taa, hivyo mwanafunzi wa mashine awe amerudi kabla ya magharibi, maana kwetu giza huingia upesi.

La mwisho, nanga itupwe kutoka omo, kamwe si kutoka nyuma, ambako boti ni fupi kimo na imelemewa na uzito wa mashine. Toa kamba ndefu, angalau mara tano ya kina. Itue juu ya mchanga, si juu ya matumbawe. Na Chumbe, hifadhi ya bahari tangu mwaka 1994, si mahali pa kutupa nanga wala kuvua.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Mashine ikizima, usianze na plagi. Anza na nanga. Boti iliyotulia hutengenezwa, boti inayochukuliwa hupotea. Kama kina ni kirefu na nanga haifiki, funga ndoo kwa kamba ndefu uitupe kutoka omo: itaivuta pua ya boti ielekee mawimbi.

Boti ikipinduka, kaeni nayo. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na mkondo haumwonei huruma aliyechoka. Kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ni kama nazi. Boti iliyopinduka huonekana kutoka mbali. Watu washikane, watoto wawe katikati.

Mwenye redio ya baharini atumie chaneli 16, aseme Mayday mara tatu, ataje jina la boti, mahali alipo, idadi ya watu na shida iliyowapata. Mwenye simu apige 112. Simu iwekwe mapema ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Zaidi ya hayo, kila safari iache karatasi pwani kwa jirani au ndugu: majina ya waliopanda, boti gani, wanakwenda wapi, watarudi saa ngapi, na saa ngapi apewe habari KMKM ikiwa hawajaonekana. Majonzi ya 2011 yametufundisha thamani ya karatasi hiyo.

MWENYE KUSHUKA HAKUSHINDWA

Mtu atasema: nahodha naye ana watoto, na siku isiyo na safari ni siku isiyo na posho. Ni kweli. Mara nyingi anayemsukuma nahodha ni abiria mwenyewe, aliyeomba ruhusa kazini, aliyewaahidi watoto tangu mwezi uliopita, na ambaye hataki kusikia habari za upepo. Nahodha akikubali kwa kuona haya, na abiria akinyamaza kwa kuona haya, wote wawili wameingia baharini bila wa kuwazuia.

Basi na iwe desturi yetu kwamba nahodha akisema leo haiwezekani, ashukuriwe, wala asihamwe kwa kwenda kwa mwingine wa bei nafuu. Na abiria akiona jaketi hazitoshi au watu wamezidi, ashuke na wanawe, naye asichekwe. Tahadhari huja kabla ya athari. Kisiwa cha Changuu hakihami. Kobe wake wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, nao hawana haraka na mtu. Jumapili ijayo watakuwapo.